Mizizi Niliyoifunga kwa Uzi wa Wavu

Nchelenge, ng'ambo ya Zambia
Siku ya yenga, tarehe 14 mwezi wa tatu, 1999

Mupendwa Yaya Colette, dada yangu mukubwa,

Kabla ya salamu nataka niseme jambo moja, maana nikianza na salamu nitapata njia ya kukimbia. Ule muzizi uliokunywa mwezi wa kumi, ule uliokuharibia mimba, si nyanya yetu Nkambo aliyekosea. Ni mimi niliyeuchimba, ni mimi niliyeufunga, na ni mimi niliyemwambia Nkambo kwamba ni wa kunywa. Sijamwambia mutu yeyote. Hata Nkambo mwenyewe sijamwambia, ingawa nadhani anajua.

Sasa salamu. Habari ya Lubumbashi, habari ya nyumba, habari ya mwili wako? Shemeki Hervé ni muzima? Sisi hapa tuko. Malaria ilimushika Tantine Emilienne, muke wa mujomba, wiki iliyopita lakini ameshaamka na ameshaanza kugombana, kwa hiyo amepona. Mvua bado inapiga. Uvuvi umefunguliwa tangu tarehe moja, na chisense wameanikwa mpaka pembeni ya barabara, hata daftari zangu za shule zinanuka samaki. Habari ya mwili wako nakuuliza kwa kweli. Mengine nitakayoandika nayaandika na hasira, ni afadhali ujue mapema.

Wote wameenda kanisani. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Nkambo yuko nje karibu na jiko, anachambua maharage kwa vidole, kwa sababu jicho la kushoto nalo limefunikwa kabisa sasa na ukungu mweupe kama la kulia. Kanisani hawamutaki tangu Noeli. Hakuna aliyemufukuza kwa mudomo. Walihama tu benchi lake, mumoja mumoja, mpaka akabaki peke yake na fimbo yake, na siku ya yenga iliyofuata hakuenda tena.

Ninaandika mezani ndani ya chumba cha mbele. Kila nikisikia miguu ninaficha karatasi chini ya kitabu cha jiografia. Tayari mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa mbuzi ya jirani.

Yaya, nianze na barua yenu. Ililetwa na Mama Mimi, yule anayevuka ziwa kutoka Kilwa ya kwetu Kongo kuuza vikwembe vya kuvaa. Kurasa zako uliandika kwa Kiswahili, za Shemeki zilikuwa za Kifaransa. Unajua mujomba, Tonton Florent, aliacha shule mapema, na Tantine Kifaransa chake ni cha salamu tu. Basi Tonton akasema, "Arlène, si weye njo mwenye masomo ya pande mbili humu ndani? Kifaransa ya Kilwa, Kiingereza ya hapa. Soma, tusikie."

Nilisoma nikiwa nimesimama katikati yao, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nkambo alikaa kwenye mukeka. Nilipofika pale Shemeki anaposema yule mulozi mwenye macho ya maziwa amekula mutoto wake ndani ya kikombe, nilikatiza kusoma.

"Anasema nini?" Tonton akauliza.

"Anasema ana huzuni."

"Maneno ilikuwa mingi kupita ile," Nkambo akasema. "Nilisikia ukigeuza ukurasa. Soma yote, mutoto wangu. Usiruke."

Tantine Emilienne akacheka kwa pua. "Macho alishapoteza, lakini masikio ya kulogea iko mazima."

"Na meno mbili, Emilienne," Nkambo akamujibu. "Ninaziweka kwa kula bukari yako ya muhogo, juu iko na mawe."

Hata Tonton alitaka kucheka, nilimuona. Halafu nikasoma yote. Nilitafsiri kila neno la mume wako kwa sauti yangu mwenyewe, mbele ya mutu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa ni mimi niliyeshika karatasi. Ukitaka kujua hasira yangu imetoka wapi, imetoka hapo. Sikuinua macho kwenye karatasi, na Tantine akafikiri ni haya. Mimi ni mutu wa haya, hilo kila mutu anajua, na haya imenisaidia kuficha mengi.

Sasa nikueleze ile siku.

Ulifika na kifua kimejaa, ukikohoa, na asubuhi ulikuwa unatapika kwa sababu ya mimba. Nkambo akaniita. Alitaka mizizi ya aina mbili. Ya kwanza mupapi, ule muti mufupi wa maua ya zambarau unaoota nyuma ya kiwanja cha mupira, kwa kukufukiza kifua. Ya pili ule mwingine mudogo wa tumbo, ambao anauita tu muti wa bamama, kwa kunywa. Inaota karibu karibu, kama jirani na jirani.

Mupapi unaujua. Ulikua ndani ya harufu yake kama mimi, ile harufu kali ya dawa wanayojipaka wacheza mupira. Kunusa unga wake kichwa kikiuma. Kipande kidogo kwenye jino. Kujifunika bulangeti juu ya sufuria kifua kikibana. Kuweka ndani ya gunia la maharage wadudu wasiingie. Kunywa, hapana. Na mwanamuke mwenye mimba asionje hata maji ulimolowekwa. Nkambo alitufundisha sisi wawili pamoja. Wewe ulikataa kuchimba, ulisema kucha zako zitavunjika, nikabaki mimi.

Na alinifundisha namna ya kuchimba. Unaacha ushanga mumoja chini ya muti. Unachimba upande jua linakotoka na upande linakozama, katikati huigusi. Unarudisha udongo. Halafu unafunga palepale, kabla hujainuka: ya kunywa unaifunga na ganda la muti wake wenyewe, ya kufukiza unaifunga na kitambaa chekundu. Kutoka pale mpaka nyumbani husalimii mutu, na ukisalimiwa hujibu. Zamani nilifikiri ni mambo ya wazee tu. Sasa naona kila kitu kilikuwa na kazi. Mutu anayeongea njiani anasahau alichobeba, na mutu asiyeona anahitaji kitu cha kugusa kwa vidole.

Nilikuwa nimeshachimba yote miwili, iko chini mbele yangu, kitambaa chekundu kiko mukononi, ndipo nikasikia wasichana wa darasa letu wanatoka mutoni. Memory alikuwa mbele. Yule Memory, nilikuambia habari zake, anayejua Kiingereza kupita mwalimu.

"Muone shing'anga wa Kongo," akasema. Shing'anga kwa Kibemba ni muganga. Wenzake wakacheka. "Uniloge na miye nipite mutihani ya hesabu."

"Ya hesabu ni ngumu," mwingine akasema, "atakulogea ya Kiingereza."

Yaya, mimi ni mutu wa kunyamaza. Darasani hata nikijua jibu ninanyamaza. Siku ile kunyamaza kulikuwa ndiyo sheria yenyewe, sikutakiwa kufanya kitu kingine chochote, na siku ile ndipo nikaongea. Nilisema natafuta nyungunyungu za chambo. Kitambaa nikakikanyaga chini ya muguu, mizizi yote nikaisukuma ndani ya mufuko wa shule.

Wakapita wakicheka. Memory hakupita. Alichuchumaa, akachukua kijiti, akaanza kunichimbia nyungunyungu. Nadhani alijuta kunicheka. Tulipata kumi na moja, akaziweka kwenye jani, tukarudi pamoja mpaka kwenye kona ya soko, yeye anaongea, mimi ninajibu. Ni siku ya kwanza mutu wa darasa langu alitembea na mimi. Naona aibu kukuandikia kwamba nilifurahi.

Nyuma ya vichanja vya samaki nikatoa mizizi. Yote ilikuwa ya manjano, yote ilikuwa na udongo uleule, na kwa kuwa ilikaa pamoja ndani ya mufuko, yote ilinuka mupapi. Nilikisia. Nilikata uzi wa bluu wa wavu wa Tonton, nikafunga mafungu mawili. Lile nililofikiri ni la kunywa nikalipiga mafundo mawili.

Nkambo alipitisha vidole juu ya uzi. "Hii ya wapi?"

"Ganda lilikatika, Nkambo."

"Na kitambaa?"

"Kilianguka."

Akanusa fungu moja, akanusa la pili, akarudia. "Yote inanuka mupapi."

"Juu nilibeba pamoja."

"Lakini unajua ipi ni ipi."

"Najua. Ya mafundo mawili ni ya kunywa."

Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja. Angenirudisha, ningechimba upya, ungekunywa baadaye kidogo. Lakini nilifikiri nikirudi nitawakuta tena wale wasichana.

Nkambo alichemusha. Akasema, na wewe ulikuwa umekaa palepale kwenye kibao na kikwembe cha kijani, akasema, "Hakuna mutu anakunywa mbele ya miye. Nitaonja kwanza." Halafu akachukua fimbo yake, akaenda chooni.

Hapo Yaya ndipo na wewe unaingia. Kwa sababu nilikuambia. Nilisema, "Ngoja, Nkambo anataka kuonja." Na wewe ulisema, "Huyu muzee atanionjea mpaka kesho? Leta." Ulijimiminia mwenyewe. Ukasema ni chungu, ukacheka, ukajimiminia kikombe cha pili, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kupona kabla boti haijarudi.

Kwa hiyo mwezi wa pili niliposoma ndani ya barua yenu, kwa mwandiko wako, kwamba Nkambo alikushikia kikombe mudomoni na kukulazimisha, nilisoma mara mbili kuona kama sikukosea. Sikukosea. Uliandika hivyo. Sijui ulimwambia Shemeki hivyo kwa sababu gani. Labda aliuliza kwa ukali, na wewe ulitafuta kitu cha kushika. Naelewa, nilifanya vilevile. Lakini sijakusamehe bado, na wewe hujaniomba msamaha, basi tuko sawa.

Ile jioni ulivyotoka damu, Tonton akikubeba kwenye kinga yake, ile baiskeli, mpaka hospitali, mimi nilibaki na Nkambo. Alimwaga sufuria. Aliokota vile vipande vya mizizi vilivyobaki, akakiweka kimoja kwenye ulimi, akakaa nacho muda mrefu. Akatema. Nilingoja anipige. Akaniambia tu, "Kuanzia leo usibebe tena muti."

Asubuhi watu wakajaa uani wakiuliza. Akawajibu, "Dawa ni yangu. Mukono ni wangu." Nilisimama nyuma ya mulango, nikasikia, nikanyamaza. Hapo haya yangu ilikuwa imerudi.

Tangu siku ile hajachimba. Na wewe usifikiri watu wameacha dawa yake. Bibi wa muchungaji, yeye wa kwanza kuhama benchi, wiki iliyopita alituma mutoto dirishani kuomba kipande cha mupapi kwa jino. Nkambo alimupa. Tantine Emilienne amemutengea sahani yake, kijiko chake, kikombe chake cha bati, na anaviosha mwisho kwa maji machafu, lakini mupapi wa Nkambo uko ndani ya magunia yake yote ya maharage. Nilimuuliza kwa nini hautoi. Akaniambia, "Weye mutoto, nyamaza." Watoto wa jirani wanaimba wimbo wa mulozi wakipita karibu na ua wetu. Nkambo anawasahihisha. Anawaambia, "Sauti iko chini, imbeni kama batu bamekula."

Sasa jambo lenyewe, ambalo limenifanya nichukue kalamu.

Shemeki aliandika kwamba siku zote ambazo Nkambo atalala chini ya bati la Tonton, yeye hatapokea tena samaki wa Tonton wa kuuza kule Lubumbashi. Tonton alilala juu ya maneno hayo wiki tatu. Siku ya posho, yaani jana, alimwambia Nkambo kwamba kambi za Chisenga zimefunguliwa, na kwamba anahitaji mutu wa kukaa kisiwani kuangalia chisense wakikauka. Boti itaondoka keshokutwa asubuhi. Alisema bila kumutazama.

Mutu asiyeona, Yaya, aangalie samaki. Nani atafukuza ndege? Nani atamuonyesha maji yanapoanzia? Kibanda chenyewe ni cha majani, na wanaume wa kambi wameshasikia habari ya mulozi, hawatamupa hata moto.

Nkambo alimujibu, "Ni muzuri, Florent. Nitawasikiliza wakikauka."

Akaanza kupanga vitu vyake. Viko ndani ya kikapu kimoja. Alipofika kwenye kile kikopo cha ushanga wa kuacha chini ya miti, alikitikisa, akanipa mimi. Mimi aliyenikataza kubeba muti. Nikasema aksanti.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba uandike kwa Tonton. Uandike haraka, kwamba ulijimiminia mwenyewe, kwamba Shemeki apokee samaki, kwamba Nkambo abaki. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kukuambia uandike. Halafu nimehesabu. Mama Mimi anavuka kesho. Kutoka Kilwa atatafuta lori, na barabara yenu wakati wa mvua unaijua, na askari wako njiani. Ukipata karatasi hii Nkambo atakuwa na siku nne au tano kisiwani, kama sio zaidi. Kwa hiyo barua yako haitafika. Nimeandika kurasa hizi zote kumuomba mutu aliye mbali afanye kazi ambayo mimi ninaweza kuifanya kwa kutembea hatua kumi.

Bado nataka uandike. Si kwa ajili ya boti. Uandike kwa Nkambo mwenyewe, kwa Kiswahili, maana barua ikija ni mimi nitakayemusomea, na sitaki tena kutafsiri.

Ibada inaisha, nasikia ngoma ya mwisho. Nikuage basi, nisije nikakatwa katikati. Unisalimie Shemeki Hervé. Sina maneno ya kumutumia, ila ukitaka umusomee hii, usome yote. Unisalimie Mama Kafula jirani yako, aliyekaa na wewe usiku ule uliporudi kutoka safari, na Guylain mutoto wake, niliahidi kumutumia stempu za Zambia, nimeweka tatu ndani ya bahasha. Nkambo hajui ninaandika, lakini kila asubuhi akinawa uso anataja jina lako kabla ya langu, basi nakutumia salamu zake bila ruhusa. Mungu akutazame tumbo lako, Yaya, akupe mutoto mwingine, na huyo akae. Hili ndilo neno moja ndani ya barua yote ninaloandika bila hasira.

Nasikia miguu. Mara hii si mbuzi. Ni sandali za tairi, zinaburuta upande wa kulia, ni Tonton, amewatangulia wengine. Anamusalimia Nkambo pale jikoni kwa sauti ndogo, na Nkambo anamuuliza kama mahubiri yalikuwa marefu. Sasa anakuja huku.

Kitabu cha jiografia nimekisukuma mpaka mwisho wa meza.

Amesimama mulangoni na kofia mukononi. Ameuliza, "Arlène, kichwa kimepona? Unaandikia nani?" Nimemwambia ninamuandikia Yaya Colette, na kwamba akae, na kwamba Nkambo naye aitwe aingie. Ameniangalia, halafu ameangalia karatasi zilivyo nyingi. Amevuta kiti.

Nitawasomea yote. Sitaruka.

Mudogo wako, aliyekukasirikia na ambaye bado ni wako,

Arlène